Babu wa Masijala: "Siasa nimeisomea miaka mitatu, mchujo nimefeli mara mbili"

Shikamoo Babu,

Mimi ni binti wa miaka 29, nipo Morogoro. Nina shahada ya sayansi ya siasa na utawala wa umma, nilimaliza mwaka 2021, na matokeo yangu ya chuo si ya kuficha. Tangu hapo nakaa kwenye kibanda cha mjomba wangu cha kutuma na kutoa pesa, Kihonda, huku nikiomba kila nafasi ya serikali inayofanana na kozi yangu.

Nimeitwa usaili wa kuandika mara mbili, zote Dodoma. Mara ya kwanza nilipata 41. Mara ya pili 47, na waliokwenda mahojiano walianzia juu yangu. Kinachoniuma ni kwamba sikutoka mle chumbani nikiwa mtupu. Niliandika, Babu, mpaka mkono ukauma. Swali moja lilihusu uhusiano wa Serikali Kuu na serikali za mitaa. Nikaanza na maana ya dola, nikawaweka wanafalsafa wa Ulaya, Hobbes na Locke, nikaja kwa Montesquieu na mgawanyo wa madaraka, nikapanga aina za ugatuaji, yaani kushusha madaraka ngazi za chini, kama tulivyofundishwa. Nilipofika Tanzania msimamizi akasema zimebaki dakika tano. Tanzania ikapata mistari minne.

Sasa nimeomba Afisa Tarafa Daraja la II. Majina bado, lakini sitaki yatoke ndipo nianze kukimbizana na madaftari. Shida yangu ni washauri. Mjomba anasema nirudie notisi zote za chuo toka mwaka wa kwanza. Rafiki yangu aliyeajiriwa anasema nadharia ni kupoteza muda, nikariri majina ya mawaziri na matukio. Halafu kuna jamaa kwenye kundi la WhatsApp anauza "maswali 400 na majibu yake". Sehemu ya kwanza nilinunua kwa 15,000. Sasa ametoa ya pili, 20,000, anasema humo ndimo siasa yote ilimo. Nimekutumia kurasa kumi za ile ya kwanza uzione.

Nisome nini? Na hiyo sehemu ya pili niinunue?

Msailiwa wa Mara ya Tatu, Morogoro

*

Marahaba mjukuu wangu.

Nimesoma barua yako mara mbili, na kurasa zako kumi nimezipitia na kalamu nyekundu. Hizo nitazirudia mwishoni.

Aliyepata 47 kwa kumtanguliza Hobbes ana kitu kichwani. Ila ulimjibu mwalimu wako wa mwaka wa kwanza, na yeye hakuwamo mle chumbani. Mwalimu alitaka ajue kama Locke umemsoma. Anayeajiri anataka ajue kama ukiripoti tarafani Jumatatu, ikifika Jumatano utajua barua hii inakwenda kwa nani na ile haikuhusu. Ulimpa kurasa mbili za Ulaya ya karne ya 17 na ya 18, na mistari minne ya mahali atakapokupeleka. Na wewe ungekuwa yeye ungempa ngapi?

Lifungue tena tangazo la kazi. Najua umeshalisoma, lakini vijana wengi hulisoma kwa kuangalia sifa, umri usizidi miaka 45, na tarehe ya mwisho, kisha hulifunga. Pale katikati pana majukumu ya kazi. Yanakili kwa mkono wako, moja moja, kila moja juu ya ukurasa wake. Kumsaidia Mkuu wa Wilaya katika tarafa. Kuandaa taarifa za ulinzi na usalama. Kuhamasisha wananchi katika shughuli za maendeleo. Kuwa mlinzi wa amani. Kupokea malalamiko. Kila mstari hapo ni swali ambalo halijawekewa alama ya kuuliza. Chini ya kila jukumu andika mambo matatu: ni sheria gani au ibara gani inalibeba, ni dhana gani ya darasani inalieleza, na ni tukio gani la kwetu linalolionyesha. Ukurasa ukikosa kimoja kati ya hivyo vitatu, hapo ndipo pa kusoma kesho. Notisi za mjomba zitakuja zenyewe pale zinapohitajika, na nakuhakikishia nyingi hazitahitajika.

Nikuonyeshe kwa jukumu la kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Tarafa ni mali ya nani? Ukiwauliza wahitimu kumi, kadhaa watakwambia ni ya halmashauri, kwa sababu kwenye mchoro wa darasani tarafa imekaa juu ya kata, na kata ni ya halmashauri. Mchoro umewadanganya. Afisa tarafa ni mtu wa Serikali Kuu. Anatajwa kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya mwaka 1997, pamoja na mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, na bosi wake ni mkuu wa wilaya. Mtendaji wa kata yuko chini ya mkurugenzi wa halmashauri. Hapo una ngazi mbili zilizosimikwa kwenye uwanja mmoja. Ya kwanza inashuka toka kwa Rais hadi mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, na wewe. Ya pili inashuka toka kwa mkurugenzi hadi mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji, na pembeni yake wamekaa waliochaguliwa na wananchi wenyewe: Baraza la Madiwani, Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ambao ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18. Mtendaji wa kata hukumwajiri wewe, na barua ya kumwita ajieleze haitoki kwako. Lakini huwezi kupitisha siku tarafani bila yeye. Swali zuri la usaili huishi kwenye pengo hilo. (Zanzibar ina utaratibu wake wa tawala na mitaa. Usiuchanganye na huu.)

Sasa chukua asubuhi moja. Wewe uko jirani na Kilosa, mfano hauhitaji kutoka mbali. Ng'ombe wamelala kwenye mpunga wa watu. Ikifika saa tatu kuna vijana wa pande mbili wamesimama, wengine na fimbo, wengine na mapanga, na simu yako inaita. Mtendaji wa kijiji yuko pale. Mwenyekiti wa kijiji yuko pale. Kuna mzee wa wafugaji, laigwanani, ambaye vijana wake wakimwona anakohoa tu wanashusha fimbo. Kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Na kuna wewe na pikipiki ya serikali. Nani anafanya nini?

Jibu la aliyejiandaa: kwanza amani, kwa sababu hilo ni jukumu lako kwa jina. Unawatenganisha watu, unawatumia viongozi waliopo, taarifa inamfikia mkuu wa wilaya mapema kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, polisi wanajulishwa. Mpaka wa shamba na malisho huuamui wewe pale shambani hata kama kila mtu anakuomba uuamue. Unarudi kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na kwa vyombo vya usuluhishi vilivyowekwa na sheria.

Halafu tazama kitu ambacho hakuna aliyekuonyesha chuoni. Mwanasosholojia Max Weber alisema mamlaka yanayokubalika yana vyanzo vitatu: mila, karama ya mtu, na sheria. Pale shambani vyote vitatu vimesimama. Laigwanani ana ya mila. Wewe na mtendaji mna ya sheria. Na mara nyingi kuna kijana mmoja msemaji sana, hana cheo wala ukoo, ambaye watu wanamfuata kwa mdomo wake tu. Ukiandika sentensi mbili kwamba afisa mwenye mamlaka ya sheria pekee alihitaji kuazima ya mila ili utulivu upatikane, umemtumia Weber kama fundi anavyotumia bisibisi. Kwa hiyo rafiki yako anayesema nadharia ni kupoteza muda amekosea. Nadharia inaruhusiwa kuingia ikiwa imekuja kufanya kazi. Ikija kukaa tu, iache mlangoni.

Turudi kwenye swali lililokutesa. Mimi ningefungua hivi:

"Nchini Tanzania, Serikali Kuu na serikali za mitaa huwahudumia wananchi walewale kwa misingi tofauti ya kisheria. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba ya mwaka 1977 zinaweka serikali za mitaa kwa lengo la kupeleka madaraka kwa wananchi, ilhali Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawaweka mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na afisa tarafa kuwa wawakilishi wa Serikali Kuu. Pande hizi hushirikiana kila siku, na huvutana katika mambo matatu: uteuzi, fedha na maagizo."

Sentensi tatu, na msahihishaji ameshajua uko nchi gani. Kisha historia kwa aya moja fupi: mwaka 1972 tulianzisha Madaraka Mikoani na halmashauri zikafutwa, sheria za mwaka 1982 zikazirudisha, zikaanza kazi tena 1984, sera ya maboresho ya mwaka 1998 ikasisitiza ugatuaji. Hapo neno "ugatuaji" limekuja na kwao, halikuelea. Baadaye ile mivutano yako mitatu. Uteuzi: mkurugenzi anateuliwa na Rais, lakini ndiye katibu wa Baraza la Madiwani waliochaguliwa na watu, akipokea agizo la juu na azimio la baraza siku moja, anaanza na lipi? Fedha: halmashauri nyingi zinaishi kwa ruzuku, na hata mapato ya ndani sheria imeshayapangia sehemu, asilimia 10 kwa mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Unaweza kuitetea sheria hiyo kwa sababu inawalinda wasio na sauti barazani, au ukasema inapunguza uhuru wa madiwani kupanga. Chagua upande, toa sababu. Maagizo: hapo una mifano yako, umeishi Morogoro. Usitaje majina ya watu.

Nimesema chagua upande, na nisisitize kidogo, maana vijana wa siasa mna ugonjwa wa "kwa upande mmoja, kwa upande mwingine" mpaka karatasi inaisha. Chukua Tume ya Nyalali. Iliundwa 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na kama asilimia 20 vingi. Tume ikapendekeza vingi, na tangu Julai 1992 nchi ni ya vyama vingi. Kila mhitimu anaijua habari hiyo. Wachache wanaweza kujibu kinachofuata: je, ule ulikuwa uamuzi wa kidemokrasia? Mimi nasema ndiyo, kwa sababu haki ya wachache kujiunga na chama wanachokitaka haipigiwi kura na walio wengi, na kwa sababu wengi kati ya wale 80 walitaka mabadiliko makubwa ndani ya hicho chama kimoja, kwa hiyo hawakuwa wameridhika. Mwenzangu mmoja tuliyekaa naye ofisi moja alikuwa akisema hapana, na alikuwa na hoja: ukiuliza watu halafu ukafanya kinyume, ulikuwa unauliza nini? Tulibishana mpaka chai ikapoa, siku nyingi. Mbele ya msahihishaji jibu lolote kati ya hayo mawili lina uzito, mradi limesimama kwa miguu yake.

Kuhusu matukio, rafiki yako ana nusu ya ukweli. Mawaziri usiwakariri wote. Baraza hubadilishwa usiku mmoja na daftari lako likabaki makumbusho. Jua waliomo kwenye wizara zinazokuhusu, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na Utumishi, inatosha. Kariri mambo yaliyobadilika na kwa nini yamebadilika. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ni ya 2024. Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2050 ilizinduliwa Julai 2025. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama wanane, baada ya Kongo kuingia 2022 na Somalia 2024. Na hili la uchaguzi lishike vizuri, kwa sababu afisa tarafa ataulizwa na wananchi kabla ya kuulizwa na wasaili: wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji walichaguliwa Novemba 2024 katika uchaguzi uliosimamiwa na TAMISEMI, wakati diwani anachaguliwa kwenye uchaguzi mkuu unaosimamiwa na Tume. Chaguzi mbili, wasimamizi wawili. Swali la mstari mmoja, na linaangusha watu.

Muda. Kila siku ya tatu keti na saa mezani, hapo hapo kibandani wateja wakipungua. Gawanya dakika kwa alama: karatasi ya saa moja yenye alama 100 inalipa swali la alama 20 dakika 12, si zaidi, hata kama ndilo unalolipenda. Dakika mbili za kwanza usiandike jibu. Chora ngazi zako pembeni. Ukifika dakika ya 12 ondoka, umalizie baadaye ukibakiwa na muda. Jizoeze kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana huwezi kujua swali litakuja kwa lugha ipi, na mtu aliyesoma "separation of powers" kwa miaka mitatu anaweza kukwama akiulizwa mihimili ya dola. Katiba isome kwa Kiswahili. Ina ladha nyingine kabisa, na maneno yake ndiyo utakayowaambia watu mkutanoni.

Vyeti halisi, kitambulisho, majina yalingane kote. Hayo umeyafanya mara mbili, sikuchoshi.

Sasa zile kurasa kumi. Nilikuwa nimekusudia kuzisifu, maana mtu kulipa 15,000 toka kibandani si mchezo. Ukurasa wa pili unasema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama sita. Ukurasa wa tatu unaitaja Tume ya Uchaguzi kwa jina lake la zamani na kulitia alama ya "sahihi". Ukurasa wa tano unasema Bunge linaundwa na wabunge peke yao, wakati ibara ya 62 inasema lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mimi ningemuuliza mhitimu wa siasa. Ukurasa wa saba ndio ulionifanya niweke kalamu chini. Unasema Baraza la Kata linaamua kesi za ardhi zisizozidi shilingi milioni tatu. Ilikuwa hivyo zamani. Mabadiliko ya mwaka 2021 yameliachia usuluhishi tu. Sasa mchukue afisa tarafa aliyekariri ukurasa huo, mpeleke kwenye ule mpunga wa Kilosa, awaambie watu waliokasirika waende baraza la kata likawahukumie. Na ukurasa wa tisa, mjukuu wangu, umemweka afisa tarafa chini ya mkurugenzi wa halmashauri.

Makosa matano kwenye kurasa kumi, na moja ni la kazi yenyewe unayoiomba. Sehemu ya pili usiinunue. Na huyo jamaa akikwambia ameyapata maswali yenyewe yatakayotoka, ondoka kwenye kundi siku hiyo hiyo, maana kama anasema uongo anakuibia, na kama anasema kweli atakuponza. Katiba na sheria zinapatikana bure kwenye tovuti za serikali. Ile 20,000 nunua daftari kubwa la kaunta na kalamu mbili, inayobaki weka akiba ya nauli ya Dodoma. Ukurasa wa kwanza uandike "Kumsaidia Mkuu wa Wilaya katika tarafa", uchore zile ngazi mbili bila kuangalia hapa, halafu nipigie picha uitume.